Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Miski na Matabibu wa Njia ya Tibet

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru, daktari, kwa kuacha shughuli za wodini ukaja kutusikiliza. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu mwaka huu ni tabibu, tulichagua habari isiyokuwemo katika vitabu vyetu vya kiada, nayo ni jinsi watu wa Tibet, nchi ya Wabudha katika milima ya Asia, na watu wa nchi za Kiislamu walivyopeana dawa na elimu ya tiba kwa karne nyingi, kila upande ukibaki na dini yake.

Tunaanza na miski, kwa kuwa sisi watu wa pwani tunaijua kwa harufu na kwa jina. Imetajwa ndani ya Qurani, Sura ya Al-Mutaffifin, katika sifa za kinywaji cha peponi. Lakini wengi wetu hatukuwa tukijua inakotoka. Asili yake ni kifuko kidogo kilicho chini ya tumbo la paa dume wa miski, mnyama wa milima ya Himalaya na nyanda za juu za Tibet. Al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 956, aliandika kwamba miski ya Tibet inaishinda ya China. Alisema paa wa Tibet hula nardo na majani mengine yenye harufu nzuri, na watu wa huko huiacha miski ndani ya kifuko chake, ilhali ya China huchanganywa na vitu vingine, kisha ikaharibiwa na unyevu wa safari ndefu ya baharini. Akaongeza kwamba mtu akifika Tibet hujikuta amejaa furaha na kicheko bila kujua sababu. Hilo la kicheko hatuwezi kulithibitisha, ila linaonyesha jinsi nchi hiyo ya mbali ilivyopendwa na watu wa Baghdad.

Kwa matabibu, miski haikuwa manukato tu. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliihesabu miongoni mwa dawa za kuupa moyo nguvu. Hivyo mgonjwa wa Uajemi aliweza kutibiwa kwa kitu kilichovunwa na mwindaji wa Kibudha ambaye asingekutana naye kamwe.

Elimu nayo ilipanda mlima kuelekea Tibet. Waandishi wa historia ya tiba wa huko wanasimulia kwamba mfalme Songtsen Gampo, aliyefariki katikati ya karne ya 7, aliwaita matabibu watatu: mmoja kutoka India, mmoja kutoka China, na wa tatu kutoka upande wa Uajemi na Rumi, aitwaye Galenos. Inasemekana waliandika kitabu pamoja, kisha Galenos akabaki kuwa tabibu wa mfalme. Mheshimiwa, wewe unajua kwamba Galen, tabibu mashuhuri wa Wagiriki ambaye jina hilo ni lake, alikuwa amekufa zaidi ya miaka 400 kabla ya hapo. Masimulizi haya yaliandikwa karne nyingi baadaye, nasi hatuyachukui kama hati ya mahakama. Tunachokiona humo ni kwamba Watibeti wenyewe walitaka ikumbukwe kuwa tiba yao ina walimu kutoka magharibi.

Kuna pia suala la mkojo. Kitabu kikuu cha tiba ya Tibet, kinachoitwa Gyushi, cha karne ya 12, kinamfundisha tabibu kuchunguza rangi ya mkojo, mvuke wake, harufu, mapovu na mashapo. Ibn Sina naye alifundisha kutazama rangi, uzito, harufu, povu na mashapo. Wataalamu wamelinganisha mafundisho hayo mawili kwa makini, na sisi tunaamini kufanana huko si kwa bahati tu.

Habari iliyotusisimua kuliko zote ni ya Mirza Haydar Dughlat, jemadari na mwandishi Mwislamu wa Asia ya Kati, aliyeingia Tibet na Ladakh, nchi jirani yake ya milimani, akiwa na jeshi kuanzia mwaka 1532. Hakwenda kwa amani, na hatutaki kulificha hilo. Lakini aliacha maelezo ya ugonjwa alioukuta huko juu: kichefuchefu, pumzi kubana, mtu kushtuka usingizini kwa kukandamizwa kifuani, viganja na nyayo kuvimba, na wengine kufa. Akaona kwamba unawapata wageni, wenyeji hawaujui. Leo tunafahamu kuwa chanzo ni uhaba wa oksijeni, na wanaopanda Kilimanjaro wanakutana nao vilevile.

Mwishowe wapo Waislamu wa Lhasa, wengi wao wa asili ya Kashmir. Katika karne ya 17 Dalai Lama wa 5, kiongozi mkuu wa Wabudha wa Tibet, aliwapa ardhi. Wakapata msikiti na makaburi yao, wakaamua migogoro yao kwa sheria yao, huku wakizungumza Kitibeti nyumbani na sokoni. Baada ya mwaka 1959 wengi walihamia India, na baadhi wanaishi Srinagar hadi leo. Tungependa watu hawa watajwe darasani kila dini za Asia zinapofundishwa, kwa sababu mwanafunzi anayesoma habari za vita pekee hupata nusu ya historia.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu haina ramani kubwa ya Asia. Tuliyoitundika ukutani tumeichora wenyewe kwa mkono. Tunaomba utusaidie kupata ramani na vitabu vya historia ya tiba. Pili, tunaomba uturuhusu kuja hospitalini na mwalimu wetu, tuione maabara na tujifunze jinsi mkojo unavyopimwa siku hizi. Tatu, wenzetu wa kidato cha nne wanaotaka kusomea udaktari wanaomba uzungumze nao kidogo kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.