Risala ya Vijana wa Kikundi cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Utumishi wa Admirali John Henry Towers

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazazi wetu, walezi na wageni waalikwa,

Shikamooni. Sisi vijana wa kikundi cha historia, watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Maryland, tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli zako na kuja kujumuika nasi. Mwaka huu tumesoma habari za mtu mmoja tu, Admirali John Henry Towers, kwa sababu aliruka angani juu ya Ghuba hii hii ya Chesapeake tunayoiona kila siku, na nusura maji yake yawe kaburi lake.

Towers alizaliwa mwaka 1885 katika mji wa Rome, jimbo la Georgia, akahitimu Chuo cha Wanamaji cha Annapolis mwaka 1906. Mwaka 1911 alifundishwa urubani na Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, huko Hammondsport, New York, akawa rubani wa tatu wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwaka uliofuata alikaa angani zaidi ya saa sita mfululizo, katika ndege isiyo na kibanda wala kinga yoyote dhidi ya upepo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tukikaa kidogo kwenye tarehe 20 Juni 1913. Siku hiyo ndege iliongozwa na afisa kijana, William Billingsley, na Towers alikuwa abiria wake. Walipofika kimo cha futi 1,600, ndege ilitikiswa ghafla, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwafunga vitini, wote wawili walirushwa nje. Billingsley alianguka akafa, akawa rubani wa kwanza wa jeshi hilo kupoteza maisha katika ajali ya ndege. Towers aliwahi kudaka nguzo mojawapo ya ndege, akaning'inia hapo hadi ilipogonga maji. Aliumia vibaya. Pamoja na maumivu hayo, na pamoja na msiba wa kumpoteza mwenzake, alieleza kwa makini kila kilichotokea, na maelezo yake yakachangia marubani kuanza kufungwa mikanda ya usalama. Kwa maoni yetu, katika utumishi wake wote hakuna jambo lililozidi hilo, hata vyeo vyote vilivyofuata.

Mwezi Mei 1919 aliongoza kikosi cha ndege tatu za majini kuvuka Bahari ya Atlantiki. Ndege yake, NC-3, ililazimika kutua katikati ya bahari iliyochafuka na haikuweza kuruka tena. Yeye na wenzake waliifanya kama jahazi, wakasukumwa na upepo kinyumenyume kwa zaidi ya siku mbili hadi Ponta Delgada, katika visiwa vya Azores. Ni NC-4, iliyoongozwa na Albert Read, iliyofika Lisbon tarehe 27 Mei na kukamilisha safari hiyo, na jina la Towers, aliyekuwa mkuu wa msafara, likabaki nyuma.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya subira. Wakubwa wengi wa jeshi waliamini kwamba vita vya baharini huamuliwa na mizinga ya manowari, na kwamba ndege ni za upelelezi tu. Sheria ya mwaka 1926 ilipoagiza kwamba meli za kubebea ndege ziongozwe na maafisa wenye mafunzo ya urukaji, maafisa wenye umri mkubwa nao walikwenda kujifunza: Ernest King akiwa na miaka 48, na William Halsey akiwa na miaka 52. Towers, aliyekuwa ameruka tangu ujana, aliongoza meli ya Langley na baadaye Saratoga, kisha mwaka 1939 akakabidhiwa Idara ya Urukaji ya jeshi hilo, akasimamia upanuzi wake wakati Vita vya Pili vya Dunia vinakaribia Marekani.

Mwaka 1942 alipelekwa Pearl Harbor, kituo cha wanamaji huko Hawaii, kuwa mkuu wa ndege za Kikosi cha Pasifiki, na mwaka 1944 akawa naibu wa Admirali Chester Nimitz, mkuu wa kikosi hicho. Alitamani sana kuongoza meli vitani, lakini alibaki makao makuu akihakikisha kwamba ndege, marubani na vipuri vinawafikia waliokuwa wakipigana. Alipata cheo cha admirali kamili vita vilipokwisha, mwaka 1946 akawa mkuu wa Kikosi kizima cha Pasifiki, akastaafu mwishoni mwa 1947. Alifariki mwaka 1955, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja. Nyaraka za Towers zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, nasi mpaka sasa tumesoma yaliyoandikwa na watu wengine tu. Tunaomba utusaidie kupata kibali na mtu mzima wa kutuongoza, ili tukazisome wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.