Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Ndege ikianguka, wa kwanza kufika ni sisi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni mama lishe. Meza yangu ya chai na vitumbua iko jirani na kiwanja kimoja kidogo cha ndege hapa mkoani, cha changarawe, ambacho mbuzi hukikatiza watakavyo. Nakuandikia hadharani kwa sababu nililoliona pale bado halijanitoka.

Ilikuwa asubuhi, kusi inavuma. Kindege cha mtu binafsi, cha injini moja, kilikuja kutua na abiria wawili. Kilipokaribia ardhi upepo ukakatika ghafla, nacho kikashuka kama mzigo uliokatika kamba. Kikapiga chini, kikadunda, kikapiga tena kwa pua. Gurudumu la mbele likakunjika, pangaboi likachimba changarawe. Vumbi lilipotulia, mapanga yalikuwa yamejikunja kwa nyuma kama majani ya mgomba yaliyonyauka.

Namshukuru Mungu, wote watatu walitoka hai. Rubani alipasuka paji la uso, mzee mmoja akalia mgongo. Lakini ajali ya pili ilibaki kidogo tu itokee, Mheshimiwa, na hiyo ingekuwa yetu.

Mafuta yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bawa, rangi yake buluu. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki palepale, injini zinanguruma. Mmoja alikuwa na sigara mdomoni. Wawili walikuja na madumu kuyakinga. Rubani, damu usoni, alikuwa anapiga kelele: "Rudini nyuma! Petroli hiyo!" Kumbe petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi ili isichanganywe na nyingine, sisi tulidhani ni kitu cha kufaa majiko. Nikakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu 100. Nilimpokonya yule kijana sigara nikaifukia mchangani, mikono inanitetemeka.

Vijana hawa si wezi. Ni haohao waliombeba mzee kumpeleka kivulini, kwa huruma tupu, wamemshika mikono na miguu huku mgongo unaning'inia. Wengine walitaka kuisukuma ndege pembeni, hawajui kwamba wachunguzi wa ajali wanatakiwa waikute ilivyoangukia. Namba 114 ya zimamoto hakuna aliyeikumbuka, hata mimi.

Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia ziwani na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Walionusurika ni 24. Kule wavuvi, huku wauza chai na bodaboda. Itakuwa hivyo daima kwenye viwanja hivi, maana ndege inaanguka palipo na watu kabla haijaanguka palipo na gari jekundu.

Nakuomba, Mheshimiwa, watu wa zimamoto watufuate siku moja tu watufundishe: kusimama umbali gani, mtu aliyeumia mgongo anabebwaje, moto wa petroli unazimwa na nini, kwa sababu ndoo ya maji huutawanya. Tupatiwe na mitungi miwili ya kuzimia moto, ya unga au povu. Kama hakuna pa kuihifadhi, meza yangu ina uvungu mpana, nami nipo pale kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi.