Hela ya Korosho Isiende Kwenye Printa

Berlin, Ujerumani

Kwa Mama yangu mpendwa, na mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mama, shikamoo. Mimi ni mzima, alhamdulillah, wasiwasi wangu ni kwenu tu huko Lindi. Baridi imeshaanza kuuma, lakini kazi ipo, na kazi ikiwepo mengine yanavumilika.

Ama baada ya salamu, nia na madhumuni ya barua hii ni lile jambo la printa. Nimeona nisilijibu kwa ujumbe wa sauti, maana sauti husikilizwa mara moja ikapita, na hili nataka mlisome mkiwa mmekaa, pamoja na Mjomba.

Mdogo wangu, unasema Mjomba amempata mtu Dar es Salaam anayeuza printa kubwa iliyotumika, na kwamba hela ya korosho ikitoka mnadani mnainunua, unafungua ofisi ya kuchapa kadi pale mjini kama nifanyavyo mimi huku. Nimefurahi sana kusikia unataka kusimama mwenyewe. Ila nawaomba, kwa heshima zote kwa Mjomba, hela hiyo msiiguse kwa ajili ya printa. Mimi mwenyewe sina mtambo wa kuchapia. Nikisema nimechapa kadi, maana yake nimezipeleka kwa mzee mmoja Mturuki mwenye mitambo mtaa wa pili, nikamlipa kwa hesabu ya kadi. Wino ukiisha, ni wake. Mashine ikiharibika, fundi anaitwa na yeye. Mimi nina kompyuta, meza, kisu cha kukatia karatasi na stempu.

Sasa nikueleze ninachouza. Mteja ananiletea picha, maneno machache na orodha ya watu. Mteja huyo anaweza kuwa bwana na bibi harusi wanaowashukuru wageni, kwaya inayowashukuru wafadhili wake, au mtu mwenye duka la vitabu anayetaka wateja wake wa siku zote wapate salamu za mwaka mpya. Kila kadi inatoka na jina la mpokeaji wake, na mara nyingi sentensi inayomhusu yeye peke yake: "Asante kwa kusafiri kutoka mbali", "Asante kwa keki". Kadi ni milimita 148 kwa 105, karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, upande wa kuandikia haung'arishwi ili wino wa kalamu ukauke usichafue. Nikishamaliza nabandika stempu, napeleka posta.

Kazi yenyewe basi iko kwenye orodha. Majina ya Wajerumani yana vinukta juu ya herufi. Ukiacha nukta, jina limekuwa la mtu mwingine. Kabla kadi hazijaenda mtamboni naichapa orodha nzima kwenye karatasi ya kawaida, naisoma kwa sauti jina moja moja, kidole kikiwa juu ya mstari. Mtu anaweza kusamehe picha iliyofifia. Jina lake likikosewa anaiweka kadi kifudifudi na hairudii tena.

Mjomba aliuliza nani bado anatuma kadi wakati kila mtu ana simu. Ni swali la haki. Postikadi ya kwanza rasmi ilitolewa na posta ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, simu ikaja baadaye, ikaja na intaneti, na mpaka leo watu wananilipa. Wanalipa kwa sababu kadi inafika. Huku kila nyumba ina kisanduku chenye jina la mkaaji, na mtu wa posta anafika mpaka pale. Tangu Januari 2025 stempu ya postikadi ndani ya Ujerumani ni senti 95 za yuro, na kwenda nchi nyingine ni yuro 1.25. Mara nyingi stempu inazidi gharama ya kuchapa kadi yenyewe! Kwa hiyo ninachouza, kwa sehemu kubwa, ni mguu wa yule mtu wa posta. Hata muundo wa kadi unamfuata yeye: anwani inakaa kulia, na chini naacha utepe wa milimita 15 bila maandishi wala picha, kwa sababu mashine ya posta inapiga pale mistari yake ya kuchambulia barua.

Na hapo ndipo biashara hii haiwezi kubebwa nzima nzima kuletwa Lindi. Barua ikifika kwetu inaishia kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule, la ofisi au la msikiti; kadi inakaa mpaka mtu apite. Najua nyumba zimewekewa namba tangu zoezi la Anwani za Makazi la mwaka 2022, na postikodi za mkoa wetu zinaanza na 65, lakini wewe mwenyewe ukienda kwa mtu Mtanda au Rahaleo unapiga simu kuulizia njia. Ukijaza ofisi mashine kabla ya kujua kadi itafikaje mkononi, utakuwa umenunua deni.

Lakini Lindi kuna kitu ambacho huku sikipati, nacho ni shughuli. Hakuna mwezi usio na harusi, send-off, maulidi au hitima. Kamati inakaa, inachagua mweka hazina, kadi za michango zinatoka, kisha zinakuja za mwaliko, singo na dabo. Na unajua inavyokuwa: kadi mia kadhaa zimechapwa zikiwa na mstari wa nukta, halafu anatafutwa mwanakamati mwenye mwandiko mzuri ajaze majina usiku kucha. Kufika kadi ya themanini mwandiko umechoka, Bw. na Bi. wamegeuka mikwaruzo. Hiyo ndiyo nafasi yako. Nenda kwa kamati, waombe orodha, uwarudishie kadi ambazo jina la kila mwalikwa limechapwa kwa herufi zile zile za kadi nzima. Orodha hiyo hiyo itakusaidia kujua nani amechangia na nani bado, jambo ambalo kila mweka hazina analililia.

Utaniambia siku hizi wanatumiana kwenye WhatsApp. Ni kweli, na vijana wengi wanatosheka. Basi watengenezee ya kwenye simu, na ya karatasi uwatengenezee wale ambao ni lazima wapate ya mkononi: wajomba, mashangazi, mashehe, wazee wa mtaa. Wazazi wetu hawaalikwi kwa kuoneshwa skrini. Kuchapa, tumia steshenari iliyopo mjini au peleka kazi Mtwara, ulipie kila kazi kwa hela ya mteja, si kwa hela ya Mama. Kufikisha, una bodaboda kwa mjini, una kivuko kwa watu wa Kitunda ng'ambo ya ghuba, na mabasi yanabeba vifurushi mpaka Masasi na Dar. Piga hesabu ya nauli ya kadi kabla hujataja bei.

Jambo jingine: orodha ya michango ina majina, namba za simu na hela za watu. Huku sheria ya Ulaya ni kali, na nikimaliza kazi naifuta orodha. Kwetu nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata isingekuwepo, anayejua nani ameahidi laki na kutoa elfu kumi anatakiwa kufunga mdomo. Mji wetu ni mdogo.

Sasa picha. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu mafundi wengi hawalijali na mimi linaniuma. Simu inawaka mwanga wake yenyewe, karatasi haiwaki. Picha inayopendeza kwenye skrini, ikichapwa, inatoka nyeusi zaidi, kwa sababu wino unaingia kwenye karatasi na kutanuka. Mtu mweupe hapotezi kitu kikubwa. Sisi tunapotea: shavu, paji na shingo vinakuwa bonge moja jeusi, yanabaki macho na meno. Niliichapa picha ya Mama, ile aliyovaa kanga ya kijani mlangoni. Kanga ilitoka vizuri, hata maandishi yake yakasomeka, lakini uso wa Mama haukuwepo. Yule mzee akasema ndivyo mashine inavyotoa. Nikakataa. Nikarudi kwenye kompyuta, nikauinua mwanga wa uso peke yake, nikapunguza wino mweusi kwenye ngozi ili hudhurungi itokane na nyekundu na njano, nywele na kivuli cha mlango nikaviacha vilivyo. Tukachapa moja, nikaisogeza dirishani kuiangalia kwa mwanga wa mchana, si kwa taa. Mikunjo ya pembeni ya macho ikaonekana, na ule weusi wa Mama unaong'aa ukaonekana. Tangu hapo sikubali kazi yoyote ya watu wetu itoke bila kuchapa moja ya kujaribia, na wewe usikubali. Bibi harusi wa Lindi ana haki ya kujiona kwenye kadi yake mwenyewe.

Kuna kazi ambayo nataka ukaianze sasa, na nitakulipa. Katika jumba la makumbusho ya viumbe hapa Berlin amesimama yule mnyama wa kale, dinosaria, aliyechimbuliwa Tendaguru, kule kaskazini-magharibi ya mji wetu. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Wachimbaji walifanya kazi kati ya 1909 na 1913, msimamizi wao mkuu akiwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na watu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mifupa iliunganishwa ikasimamishwa mwaka 1937. Watu wanapiga foleni kumtazama, wananunua kadi zake, na wengi wao ukiwatajia Lindi wanakuuliza ni nchi gani. Nataka nitoe kadi zangu zinazoonesha alikotoka: ghuba asubuhi upande wa Kitunda, bandari, barabara nyekundu ya kwenda huko, mikorosho, na watu wa huko wenyewe. Nyuma patachapwa kwa Kiswahili na Kijerumani kwamba mifupa ilitoka hapa mabegani mwa watu.

Piga kwa simu yako, inatosha. Upande mrefu wa picha usipungue pikseli 1,800, yaani zile nukta zinazounda picha. Usinitumie kama picha kwenye WhatsApp, inazibana. Tuma kama dokumenti. Acha nafasi kingoni, kwa sababu tunachapa milimita tatu zaidi kila upande na kisu kinazikata. Ukimpiga mtu, muombe kwanza, umwambie itauzwa, na umuandike jina. Kila aliyetokea nitamtumia kadi yake.

Mama, hela ya korosho ni yako na mikorosho. Iwekwe ya palizi na ya salfa ya mwakani, maana mikorosho ikichanua bila kupuliziwa, ugonjwa wa ubwiri unga hautuoneshi huruma, halafu tuangalie lile paa la jikoni. Kompyuta ya mdogo wangu nitainunua mimi, ndogo, ya kuanzia. Mjomba asione nimeipuuza rai yake. Mwambieni namshukuru kwa kutufikiria, na namuomba awe yeye wa kumtambulisha kijana kwa kamati za shughuli, kwa sababu anajulikana kote na neno lake linasikilizwa.

Nisalimieni Shangazi na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Picha nazihitaji kabla ya katikati ya Novemba, maana kadi za mwaka mpya zinaingia mtamboni wiki inayofuata, na nikichelewa hapo posta inafurika za Krismasi.

Wenu,
Mwanao na dada yako, Berlin