Salamu za Krismasi kutoka mlimani, kwa wanangu wote niliowafundisha darasa la kwanza

Wanangu mlio Dar, Arusha, Mwanza, na ninyi mliovuka bahari, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Nawaandikia mapema kabla hamjafunga mizigo, maana mkishafika huku Vunjo, Kilimanjaro, hakuna anayesoma kitu. Ni ndafu, yaani mbuzi wa kuchoma mzima, na mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka tarehe mbili.

Tumeshaanza kuwasubiri. Makaburi ya wazee kihambani, kwenye shamba la ukoo, yamepakwa chokaa, majani makavu ya migomba yamekatwa, na dukani pale njiapanda soda zimepangwa mpaka barazani. Wenye tiketi za treni wananipigia kujisifu. Tangu treni ya Moshi irudi Desemba 2019, mwenye wajukuu wanne na gunia la mchele hana haja ya kugombea basi stendi ya Mbezi.

Sasa niwape habari za shule yenu. Siku ya kufunga muhula niliitwa, kama wanavyoita vikongwe, nikapewa kiti cha mbele. Rimu ya lori bado inaning'inia kwenye mgrevilia, ikagongwa, watoto wakapanga mistari. Mstari wa darasa la kwanza nikauhesabu mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Watoto tisa. Nikaomba kuchungulia chumba changu cha zamani. Madawati yamepandishwa moja juu ya jingine mpaka karibu na dari, na kuku wa jirani ametaga kwenye lile la chini kabisa.

Wakubwa wenu wanakumbuka nilivyoanza ualimu mwaka 1978. Nilikuwa binti mwenye cheti cha darasa la saba, nimepewa chaki na mafunzo ya kazini kwa sababu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, ulihitaji walimu haraka kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Watu walitutania kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Waache. Nilikuwa na watoto 90 chumba kimoja, watatu watatu kwenye dawati, waliobaki juu ya mawe waliyoyabeba wenyewe kutoka mtoni, na Ijumaa kila mmoja anakuja na ufagio, kidumu cha maji na samadi ya bustani. Nilistaafu mwaka 2016, mwaka uleule michango ya lazima ilipofutwa, nikawaambia wenzangu watafurikiwa. Kwingine walifurikiwa kweli, mpaka zikajengwa shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama. Kwetu wimbi halikupanda mlima.

Sababu mnazijua, mnazo majumbani mwenu. Kihamba cha babu kiligawiwa watoto watano, kisha wajukuu, leo kipande cha mtu hakitoshi nyumba na mgomba. Kahawa iliyotusomesha sisi, na iliyokipa nguvu chama chetu cha ushirika cha KNCU tangu 1933, wengi wameing'oa. Vijana wameshuka tambarare au wamehamia mijini, na wanazaa wawili. Hao wachache waliobaki nao, basi la njano la ingilishi midiamu linawafuata asubuhi mpaka mlangoni. Siwalaumu wazazi wao. Mjukuu wangu mwenyewe yuko Dar, shule ya serikali, anaingia zamu ya mchana kwa kuwa vyumba havitoshi. Huku bibi yake ana chumba kizima chenye kuku.

Mtasema wachache si ndiyo vizuri, mwalimu anamfikia kila mtoto. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa jikoni na mpishi. Makande ya mchana yanatokana na mahindi, maharage na kuni za wazazi, na mpishi analipwa na wazazi. Mshahara wake haupungui kwa sababu watoto wamepungua. Wanaopungua ni wachangiaji, kwa hiyo kila mwaka mzazi aliyebaki anabeba zaidi, naye akichoka anatafuta basi la njano. Ruzuku ya serikali inahesabiwa kwa kichwa, lakini paa linavuja kwa ukubwa uleule. Na walimu wanapangwa kwa hesabu ya mmoja kwa watoto 45, basi wetu wawili wamehamishwa, na kila aliyebaki anafundisha madarasa mawili kwa kupishana mlango.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa kijiji limeletwa neno la kuunganisha shule yetu na ile ya ng'ambo ya korongo. Kelele zilizopigwa mngedhani wamesema tuhamishe kanisa. Maoni yangu nitayasema hapa nisije nikasingiziwa mengine: kuanzia darasa la nne waende ng'ambo, wana miguu. Awali hadi la tatu wabaki. Mtoto wa miaka mitano kuvuka lile daraja la magogo mwezi wa nne, mvua za masika zimeujaza mto, mimi sikubali hata akija nani.

Tena kuna jambo wengi hawajalipigia hesabu. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wataishia la sita, mwaka 2027, pamoja na wenzao wa la saba. Januari 2028 shule ya sekondari ya kata itapokea vidato vya kwanza viwili kwa mpigo. Vyumba vyetu viwili vikiezekwa upya vinaweza kuwasitiri, au vikawa karakana ya masomo ya amali, yaani ya ufundi. Madawati sisemi, magoti ya kijana wa kidato cha kwanza hayaingii.

Mwaka jana baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, mlishindania jogoo mmoja mpaka bei ikapita ya mbuzi. Nilicheka mpaka kitenge kikalegea. Aliyemshinda mwenzake alimwachia mchungaji yule jogoo akarudi Dar. Mwaka huu nitanadi mabati ya paa la shule.

Kwa hiyo tarehe 27, saa nne asubuhi, naomba tukutane chini ya mgrevilia. Mwenyekiti wa kijiji atakuwepo na mwalimu mkuu ameahidi funguo. Fundi atakuwa ameshapima paa. Aliyesoma uhandisi, na wapo watatu nawajua, aje na futi yake akague daraja. Wenye watoto waje nao waone mama zao walipokalia mawe. Mawe yenyewe bado yapo nyuma ya choo.

Magari mtayaacha kanisani, kuanzia pale ni matope. Mayai ya yule kuku nitakuwa nimeshayatoa.

Aika, yaani asanteni, wanangu. Safari njema, na dereva asinywe.