Mashine mmezisifu, pumzi za mtoto nani anazihesabu?

Mhariri,

Ile ripoti yenu ya kuisifu wodi ya watoto na mashine zake mpya za kupimia wagonjwa imenitoa kwenye ukimya. Ukurasa mzima, na hakuna sentensi hata moja inayosema nani anazisoma hizo namba, wala anafanya nini akishazisoma.

Chukua chati za wodi yenye shughuli nyingi uangalie safu ya upumuaji. Saa kumi na mbili, 24. Saa nne, 24. Saa nane, 24. Kitanda cha pili vilevile, cha tatu vilevile, awe wa miezi mitatu au miaka tisa. Pumzi hizo hazikuhesabiwa, zimenakiliwa. Upumuaji huhesabiwa dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa kifua kionekane. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ni kubahatisha: mtoto mchanga hupumua haraka, akasita, akaanza tena, na ukikosea pumzi mbili umekosea nane. Mipaka ya kupumua haraka kupita kiasi inajulikana: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa walio chini ya miezi miwili, 50 kwa miezi miwili hadi 11, 40 kwa mwaka mmoja hadi mitano. Na kuna namba inayoshuka, ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mtoto aliyekuwa na 66 akafika 32, huku amelegea na kifua bado kinabonyea ndani, hajapata nafuu, amechoka kupumua. Chati yake utaikuta imeandikwa "anaendelea vizuri".

Mtasema mashine inapima shinikizo la damu. Mtoto hulishikilia shinikizo kwa kuongeza mapigo ya moyo na kubana mishipa ya mikono na miguu, kwa hiyo likishuka umeshachelewa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba sekunde tano, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mikono ni baridi, mapigo ni dhaifu na ya mbio, ita daktari. Mkanda wenyewe wa kupimia shinikizo mara nyingi ni wa saizi moja: ukiwa mdogo kwa mkono unasoma juu, ukiwa mkubwa unasoma chini. Kibanio cha kupimia oksijeni cha mtu mzima nacho hakikai kwenye kidole cha mtoto mchanga. Kama mapigo kinayoonyesha hayalingani na ya stetoskopu, hiyo asilimia ya oksijeni iacheni.

Halafu kuna hili la kuwatoa akina mama nje muda wa kuona wagonjwa ukiisha. Uingereza walipozindua chati yao ya tahadhari kwa watoto mwaka 2023, ile inayompa mtoto alama kuonyesha kama anazidiwa, wasiwasi wa mzazi waliupa nafasi yake humo. Sisi tunamwambia akae kwenye benchi. Na chati peke yake haitoshi: utafiti wa hospitali 21 uliochapishwa mwaka 2018 haukuona vifo vikipungua kwa sababu ya alama tu. Lazima mtu aitwe, na aje.

Basi kabla ya mashine nyingine, wekeni saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde kwa kila vitanda vinne, na kwenye chati safu mbili: saa daktari alipoitwa, saa alipofika. Hiyo ya pili najua itapingwa kikaoni. Betri za saa zifungiwe kabati moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu, zisije zikaishia kwenye rimoti ya televisheni.

Muuguzi wa watoto