Usiipige saruji nyumba ya bibi

Malindi, Unguja

Mpenzi Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako umenikosesha usingizi. Unasema fundi ameshakuandikia mifuko 30 ya saruji ya kupigia lipu nyumba ya bibi pale Kiponda. Nakuomba, shoga yangu, usiinunue bado.

Unaukumbuka ukumbi wetu wa chini? Mimi ndiye niliyetaka upigwe saruji, uwe laini kama nyumba za siku hizi. Masika ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili rangi ikafura, chumvi ikachomoza ukutani kama unga. Ya tatu lipu ikabanduka mapande mapande, ikang'oa na mawe. Mama alikuwa akifagia kila asubuhi bila kusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko gharama.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kwa upepo na jua. Lipu ya chokaa huyapitisha. Ya saruji huziba, na maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi. Huko juu ndiko vilikolala vichwa vya boriti za mkoko. Mkoko ni mti mgumu sana ukikaa pakavu, lakini ukilowa ndani ya ukuta huoza mahali usipopaona. Kwa hiyo anza dari, si kuta: chukua bisibisi, dunga kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Na fundi akikwambia amwage zege juu badala ya boriti, kataa. Kuta zile hazikujengwa kubeba uzito huo.

Chokaa usinunue kwa macho. Itake ile iliyomwagiwa maji ikalala shimoni miezi, uisugue vidoleni. Iwe kama samli, isiwe na chembe, maana chembe ambayo haijaiva hupasuka baadaye ndani ya lipu. Changanya ndoo 1 kwa 3 za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni, utarudisha chumvi ileile tunayoikimbia. Lipu ipigwe nyembambanyembamba, tabaka juu ya tabaka, inyunyiziwe maji isikauke kwa pupa. Ni kazi ya wiki nyingi, najua. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta.

Milango ya msaji usiguse. Ioshe tu, uipake mafuta.

Halafu pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uombe kibali kabla ya nyundo ya kwanza. Mji wetu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na wakaguzi wao wanazijua kuta hizi.

Jumamosi nitakuja na bisibisi yangu. Mwambie fundi naye awepo, tupande dari pamoja.

Wako,
Zuhura