Risala ya wazazi wa darasa la Kiswahili Hull, Uingereza: watu wa matrola ya mvuke

Mgeni rasmi, Mzee wetu kapteni mstaafu, shikamoo. Wazazi wenzangu, walimu wetu wa Jumamosi, majirani wa Hessle Road mliokuja kutuunga mkono japo Kiswahili hamkielewi (kuna mtoto tumemkalisha hapo awatafsirie), na nyie watoto wenye shughuli yenu ya leo, maonyesho ya watu wa matrola, yaani meli za kuvua kwa kukokota juya, asalaam aleikum na habari za mchana.

Kwanza tunamshukuru Mungu kutufikisha siku ya leo. Pili tunakushukuru wewe Mzee kwa kupanda treni ya alfajiri kutoka London mpaka huku Hull na baridi hili la kwenye mifupa, maana tulipokutumia meseji tulijua miguu inakusumbua, na wewe ukajibu neno moja tu, "nakuja". Mungu akulipe.

Mzee, tuanze na kilichotufanya tukuite. Watoto wakishuka kwenye basi kuja darasani wanapita penye sanamu ya mtu kavaa nguo za baharini, kainua mkono juu. Mwaka jana mtoto mmoja akauliza, yule baba anamwita nani? Wazazi wote kimya. Wengi wetu tumekaa mji huu miaka kumi na zaidi, wengine tuko viwanda vya samaki hapa na ng'ambo ya mto kule Grimsby, tunakata minofu usiku kucha, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Ikatuuma, maana sisi wengi ni watoto wa wavuvi wa Tanga, Pemba, Kilwa na Lamu, mvuvi mwenzetu tunampita kila wiki na hata jina lake hatulijui. Ndo maonyesho haya yalipoanzia.

Jina lake ni George Henry Smith, nahodha wa trola la Crane. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 1904 matrola ya Hull yalikuwa yanavua pale Dogger Bank, katikati ya Bahari ya Kaskazini, taa zinawaka, watu wako kwenye deki wanatumbua samaki, mara manowari za Urusi zikawamulika na kuanza kuwapiga mizinga. Zilikuwa njiani kwenda kupigana na Wajapani, zikadhani hawa wavuvi ni boti za torpido za Japani, huku Ulaya! Crane likazama, nahodha Smith na mwenzake William Leggett wakafa, na wa tatu akafa baadaye. Urusi ikalipa fidia pauni 66,000, na 1906 watu wa Hull wakasimamisha hiyo sanamu. Watoto walipofuatilia manowari zile zilielekea wapi wakakuta zimezunguka Afrika, na mwanzoni mwa 1905 zilitia nanga wiki nyingi pale Nosy Be, Madagaska, jirani na Ngazija kabisa, ndo zikaenda kuangamizwa na Wajapani Tsushima mwezi wa tano. Baba mmoja wa darasa letu ni mtu wa Ngazija, siku hiyo aliikalia ramani mpaka tukafunga ukumbi.

Sasa Mzee, wewe bahari unaijua, lakini kwa ajili ya vijana tueleze kidogo trola la mvuke ni chombo gani. Zamani walivua kwa matanga kama majahazi yetu, upepo ukikata unakaa. Mwaka 1877 William Purdy wa North Shields alikuwa na tagi ya mvuke inaitwa Messenger, akaifunga juya akaenda kukokota, na 1881 watu wa Grimsby wakapata Zodiac, trola lililochorwa na kujengwa kuwa la mvuke tangu mwanzo, na kuanzia hapo matanga yakaanza kufa polepole. Kuna boila la makaa ya mawe, kuna winchi ya mvuke, waya mbili nene zinashuka ubavuni, na huko chini kabisa juya linaburuzwa, mdomo wake unaachamishwa na mbao mbili nzito zenye vyuma ambazo maji yanazisukuma moja huku moja kule. Kifaa kidogo hicho cha mbao kilikuja miaka ya 1890 na kilibadilisha kila kitu, maana kabla yake mdomo wa juya ulishikwa na gogo refu tu.

Na kazi yenyewe, jamani. Matrola ya karibu yalikaa Bahari ya Kaskazini wiki tano sita bila kurudi nyumbani, samaki wakitiwa kwenye masanduku, masanduku yanapakiwa kwenye kimtumbwi cha makasia, vijana wanapiga kasia kwenye mawimbi kupeleka kwenye meli ya kubebea inayokimbiza mzigo soko la Billingsgate, London. Vijana wengi walizama hapo, kati ya trola na meli ya mzigo, na enzi za matanga wengi wao walikuwa watoto yatima na watoto wa nyumba za maskini waliofungwa mkataba na wenye vyombo, akikimbia anapelekwa jela. Tuliposoma hilo mama mmoja hapa alilia, ana mtoto wa miaka 14.

Matrola makubwa yalikwenda mbali zaidi, Iceland, Bear Island, Bahari Nyeupe ya Urusi, safari ya wiki tatu hivi. Huko juya linapandishwa kila baada ya saa chache, usiku mchana, samaki wanamwagwa kwenye deki wazi wanafika magotini, watu wamesimama humo humo na visu wanatumbua, mikono imekufa ganzi, na kabla hawajamaliza juya lingine linapanda. Chini mchochea makaa yuko mbele ya moto, anatoka jasho, akipanda juu anakutana na barafu. Na barafu ndo adui mkubwa, maana maji yakiruka yanagandia kwenye kamba na mlingoti, chombo kinakuwa kizito juu kinapinduka kama kikombe, kwa hiyo watu wanashika mashoka wanavunja barafu, wakichoka ndo basi. Tarehe 26 Januari 1955 Lorella na Roderigo, yote ya Hull, yalipinduka kaskazini ya Iceland siku moja, watu 40, hakupona hata mmoja. Hiyo ni wakati wa amani.

Majirani zetu hapa wametueleza kwamba zamani mwanamke wa Hessle Road, mtaa wa wavuvi, siku mume anaondoka alikuwa hafui nguo, akifua ni kama kamfulia mbali, maji yatamchukua. Bibi yangu Tanga naye alikuwa na miiko yake siku ya safari ya babu, kwa hiyo mimi hili niliposikia nilinyamaza tu.

Mgeni rasmi, watu wa namna hiyo ndo waliochukuliwa vitani, kwanza Vita Kuu ya 1914. Mtu akisikia vita ya baharini anawaza manowari kubwa na maofisa wenye vyeo. Lakini tangu 1910 jeshi la majini la Uingereza lilishaanza kuandaa kikosi cha akiba cha matrola, kwa sababu moja ya wazi kabisa, mvuvi anajua kuvuta waya chini ya maji. Kutegua mabomu ya baharini ilikuwa karibu kazi ile ile ya juya, matrola mawili yanakwenda sambamba, katikati yao waya, waya inakata mnyororo wa bomu, bomu linaibuka, wanalipiga risasi mpaka lilipuke au lizame. Shida ni kwamba trola lenyewe linapita mahali ambapo bomu bado limejificha, na ukiligusa hakuna wa kukuuliza. Desemba 1914 meli ya Wajerumani Kolberg ilitega mabomu kama 100 nje ya Scarborough, siku tatu baadaye matrola yakaingia kuyasafisha, mabomu yakalipuka moja baada ya jingine na trola la Orianda likaenda chini. Sisi watu wa Tanga tuna kipande chetu cha habari hii, maana Novemba 1914 Waingereza walipokuja kuishambulia Tanga walipoteza muda wanafagia bandari kwa tagi kuogopa mabomu ya majini ambayo hayakuwepo, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapata nafasi ya kuleta askari wake.

Machi 1915 matrola hayo hayo yakapelekwa mpaka Dardanelles, Uturuki, na wavuvi wake, yasafishe mlango wa bahari usiku huku mizinga ya pwani inawamulika na kuwapiga. Mkondo pale ni mkali na injini zao ndogo zilikuwa hazisogei. Wapo wakubwa waliowaona waoga. Sisi tunasema hapana, mtu aliyezoea kuvunja barafu na shoka Iceland huwezi kumwita mwoga, walipewa chombo kisichoweza kazi ile, na tarehe 18 mwezi huo huo manowari tatu kubwa, Bouvet, Irresistible na Ocean, zilizama humo humo kwa mabomu.

Hata waliobaki kuvua hawakusalimika. Agosti 1914, vita haijamaliza mwezi, Wajerumani walishazamisha matrola ya Grimsby na Boston, wavuvi wakachukuliwa mateka, wakaishia kambi ya Ruhleben karibu na Berlin. Mpaka 1918 vyombo vya uvuvi 675 vya Uingereza vilikuwa vimezamishwa na adui vikiwa kwenye uvuvi tu, vya mvuke na vya matanga pamoja, na watu 434 wamekufa. Hiyo haijagusa yale yaliyokuwa jeshini.

Hapo kwenye meza ya katikati, Mzee, utaona trola la karatasi watoto wamelitengeneza, linaitwa Viola. Tumelipa nafasi kubwa makusudi. Lilijengwa Beverley, mwendo mfupi tu kutoka hapa, 1906, la kampuni ya Hellyer iliyokuwa inayapa matrola yake majina ya watu wa kwenye michezo ya Shakespeare. Likavua Bahari ya Kaskazini, vita ikaja likachukuliwa, likafungwa mzinga, na 1918 likashiriki kuzamisha nyambizi mbili za Wajerumani. Baada ya vita likauzwa Norway, likabadilishwa jina mara mbili, likawinda nyangumi, likaenda kuwinda sili kusini kabisa ya dunia, na sasa jina lake ni Dias, limekaa Grytviken, kisiwa cha South Georgia, lina kutu lakini injini yake ya mvuke bado imo ndani. Mamia ya wenzake yamekatwa vyuma chakavu au yako chini ya bahari. Wapo watu wa Hull wanaotaka lirudishwe nyumbani, na watoto wetu wameandika barua kuunga mkono, kwa Kiswahili na Kiingereza, utazisoma ukipita.

Vita ya pili ikawachukua tena, safari hii makao yao yakawa Lowestoft, kwenye bustani moja inaitwa Sparrow's Nest. Tunaomba tusimulie mawili tu maana muda hautoshi. Juni 1940 meli Lancastria ilipopigwa mabomu nje ya Saint-Nazaire, imejaa maelfu ya watu, trola la Cambridgeshire la Grimsby liliokoa karibu watu 1,000. Chombo kilichojengwa kwa watu wachache na samaki, sijui walisimama wapi.

La pili ni Bedfordshire. Mapema 1942 nyambizi zilikuwa zinamaliza meli pwani ya Marekani, Uingereza ikapeleka matrola 24 kusaidia, Bedfordshire likiwemo. Afisa mmoja kijana wa humo, Thomas Cunningham, aliombwa bendera za Uingereza kwa ajili ya kuwazika mabaharia wa Kiingereza waliookotwa pwani ya North Carolina, akatoa. Tarehe 11 Mei likapigwa na nyambizi U-558, wote 37 wakafa. Siku chache baadaye bahari ikaleta maiti kisiwa cha Ocracoke, mmoja alikuwa Cunningham mwenyewe, akazikwa na bendera aliyoitoa kwa mkono wake. Makaburi ni manne, wawili walijulikana majina, wawili hapana, na watu wa kisiwa kile wanawafanyia kumbukumbu kila mwezi wa tano mpaka leo. Mzee, sisi tunaokufa ugenini tunalijua uzito wa jambo hili, mtu asiyekujua akakuosha, akakuzika, akakutunzia kaburi.

Pale Lowestoft, bustani ya Belle Vue, kuna mnara wenye majina 2,385 ya watu wa kikosi cha matrola cha vita ya pili ambao hawana kaburi lingine zaidi ya bahari. Mabinti wawili wa darasa letu wameanza kuyanakili kwa mkono, wamefika herufi D.

Mgeni rasmi, tuna maombi, si mengi. Ombi la kwanza, utusaidie kupata basi la kuwapeleka watoto 23 Lowestoft mwezi wa sita wakauone mnara ule na mabinti wale wamalizie majina yao, tumeshachanga nusu ya gharama. La pili, tunahitaji mtu wa kutuhakikia maneno ya baharini, maana watoto wameandika maelezo ya picha kwa Kiswahili na hapa hatuna fundi wa omo na tezi, shetri na dasturi, tumekuwekea kalamu nyekundu mezani, Mzee usione haya kusahihisha. La tatu, kabla ya kukata utepe tunaomba utuongoze kusimama kimya kidogo, kisha mtoto yule aliyeuliza swali la sanamu atasoma majina ya watu wa Crane, halafu tutakwenda wote kwa miguu mpaka Hessle Road kuweka maua.

Chai na vitumbua vipo, akina mama wameamka saa kumi usiku.

Tunaomba kuwasilisha.